Ncha ya Fimbo na Samaki Anayedonoa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wavuvi wa Mito ya Magharibi mwa Kenya

Mvuvi aliyezoea kutupa ndoano Ziwa Victoria pale Dunga au Usenge akija mtoni hupata taabu ya aina yake. Chambo kinaliwa, ndoano inarudi tupu, na fimbo haikuonyesha lolote. Mara nyingi samaki alikuja kweli, akagusa, akaondoka. Ncha ya fimbo ndiyo iliyokuwa ngumu mno kupeleka habari. Majibu yaliyo hapa ni ya wanaovua kwa fimbo katika Yala, Nzoia, Nyando, Sondu na Kuja, pamoja na vijito vinavyomwaga maji humo. Yanahusu kuvua kwa chambo kilicholala chini, kikishikiliwa na chubwi, yaani kile kizito kinachozamisha mshipi. Uvuvi wa boya una mambo yake.

Hiyo ncha nyepesi inafanya kazi gani hasa?

Ni kipande chembamba cha mwisho wa fimbo, kwa kawaida kati ya sentimita 40 na 60, ambacho hupinda kwa nguvu ndogo sana. Ukishatupa chambo na chubwi ikatua, unazungusha rili (gurudumu la kukunjia mshipi) polepole mpaka mshipi ukaze na ncha ipinde kidogo. Hapo iko tayari. Samaki akivuta, ncha inapinda zaidi. Akiisogeza chubwi kuja upande wako, mshipi unalegea na ncha inanyooka. Jicho lako linasoma mambo mawili tu, kupinda na kunyooka, na mengine yote yanatokana na hayo.

Fimbo iliyobaki, kuanzia katikati hadi kwenye mkono, inabaki na nguvu zake za kumpiga samaki vita. Ndiyo sababu fimbo nzuri za kazi hii huja na ncha mbili au tatu za kubadilisha: mwili ni mmoja, macho ni matatu.

Nichague ncha ya nguvu gani?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na wengi hulijibu kwa kutaja samaki: ncha ngumu kwa mumi (kambare), laini kwa ngege (tilapia). Mimi naanza na maji. Samaki awe mkubwa au mdogo, ncha inapambana kwanza na mkondo unaosukuma mshipi mchana kutwa. Ikiwa mkondo peke yake umeipinda mpaka mwisho, haina nafasi iliyobaki ya kukuonyesha samaki. Ikiwa mkondo haujaigusa kabisa, basi ni ngumu kuliko inavyohitajika na midonoo midogo itapita bila kuonekana. Kanuni ninayoitetea ni hii: tumia ncha laini kuliko zote ulizo nazo ambayo bado inasimama mbele ya mkondo wa siku hiyo ikiwa imepinda kidogo tu.

Nguvu ya ncha hupimwa kwa aunsi. Aunsi moja ni kama gramu 28. Nzoia kule Budalang'i, mwezi wa Januari au Februari mvua ikiwa imekatika, hutembea polepole kati ya kingo zake za udongo. Ncha ya aunsi 1 au 1.5 inatosha hapo, na ukivua karibu na ukingo hata nusu aunsi inaweza kukubali. Panda juu hadi maeneo ya Mumias, maji yana haraka zaidi. Anza na 2. Sondu ni mto wa mawe na mteremko. Ukitupa katikati ya mkondo wake utahitaji 3 au 4, lakini kwenye vidimbwi vilivyo nyuma ya mawe makubwa, ambako ndiko samaki wanakopumzika, 1.5 inafanya kazi nzuri kuliko hizo zote.

Masika yakianza, kati ya Machi na Mei, mito hii yote hugeuka rangi ya chai ya maziwa na kubeba mabua, magogo na takataka za mashambani. Wengi hukimbilia ncha ngumu na chubwi nzito, wakatupa katikati vilevile kama wakati wa kiangazi. Sikubaliani nao. Maji yakijaa, samaki wenyewe huhama katikati na kujisogeza kingoni, kwenye maji yaliyotulia nyuma ya vichaka na mapindo ya mto. Wafuate huko kwa ncha ya aunsi 2, mita tatu au nne tu kutoka miguuni pako, utaona mengi kuliko jirani anayehangaika na maji ya kati.

Jambo moja zaidi kuhusu Sondu: mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu, ya megawati 60, huchepusha maji ya mto kwa handaki. Kwa hiyo usichukulie kwamba mkondo uliouona juu ya mitambo ndio utakaoukuta chini yake. Ukifika, chomeka kijiti chenye alama ukingoni uone kama maji yanapanda au yanashuka, kwa ajili ya ncha na kwa ajili ya usalama wako pia.

Fimbo yangu haina namba kwenye ncha. Nitajuaje nguvu yake?

Pima mwenyewe. Chukua mfuko mdogo wa plastiki, ufunge kwenye mshipi unaopita kwenye pete zote, shika fimbo sawa na ardhi, kisha ongeza maji kidogo kidogo kwa bomba la sindano la duka la dawa. Mililita moja ya maji ni gramu moja. Endelea mpaka ncha ielekee chini kabisa, ikifanya pembe mraba na fimbo. Mililita 28 ni aunsi 1, mililita 57 ni aunsi 2, mililita 85 ni aunsi 3. Ni kipimo cha nyumbani lakini kinatosha.

Kifanye hata kama namba ipo. Watengenezaji hawapimi kwa njia moja, na ncha mbili zilizoandikwa 2 kutoka viwanda tofauti zinaweza kuachana sana. Ukishapima, andika kwa kalamu ya wino usiofutika karibu na mwanzo wa ncha.

Kaboni au faibaglasi?

Faibaglasi ni nyororo. Hupinda taratibu, humpa samaki mwoga muda wa kuingiza chambo mdomoni bila kuhisi kizuizi, na ni ngumu kuvunjika. Kaboni ni kavu na nyepesi; huonyesha mtikisiko mdogo upesi, na hurudi mahali pake haraka baada ya kutikiswa na upepo. Lakini ukiibana vibaya hukatika papo hapo.

Kwa maji ya polepole chukua faibaglasi. Kwa maji ya kasi, kaboni. Kama ni moja tu unayoweza kununua na unasafiri kwa bodaboda kwenda mtoni, nunua faibaglasi.

Chubwi iwe na uzito gani?

Uzito unaoweza kushika chini, lakini kwa shida. Hapa ndipo wengi wanapopoteza midonoo. Chubwi ya gramu 100 kwenye maji yanayohitaji 30 inamfunga samaki: akigusa anahisi mzigo, anatema. Chubwi iliyo karibu kung'oka, samaki akiigusa tu inaachia na kuviringika kidogo, na ncha inakuambia hapo hapo.

Anza na nyepesi. Tupa, kaza mshipi, tazama. Ikiburuzwa na maji, ongeza gramu 10 na utupe tena, mpaka ikae. Kwenye Nyando wakati wa kiangazi gramu 15 hadi 20 zinaweza kutosha. Katikati ya Nzoia yenye nguvu utafika 60 na zaidi. Umbo nalo lina kazi: chubwi bapa hushika kuliko ya duara yenye uzito uleule. Wanaotumia nati kuukuu au plagi za gari zilizokufa hawakosei, mradi wapange seti ya uzito tofauti badala ya kutumia moja kwa kila maji. Ukitumia chubwi ya madini ya risasi, nawa mikono kabla ya kula, ni sumu.

Fimbo niisimamishe vipi ukingoni?

Mtoni, inua ncha juu. Mshipi mwingi ukiwa nje ya maji, mkondo hauna pa kushika, na mabua na gugu maji hayajikusanyi juu yake. Tumia kijiti cha panda mbele na kingine nyuma, fimbo ielekee juu kiasi cha nusu ya wima. Kwenye maji yaliyotulia fanya kinyume: shusha ncha karibu na uso wa maji ili upepo usiitikise.

Pembe kati ya fimbo na mshipi ndiyo inayoifanya ncha ione. Fimbo ikielekezwa moja kwa moja kwenye chambo, samaki atavuta mshipi na ncha haitasogea hata kidogo. Ikiwa mshipi unatoka pembeni, karibu na pembe mraba, kila sentimita anayovuta inaonekana. Nimeona fimbo za bei ghali zikiwekwa kama mkuki ulioelekezwa mtoni, na mwenyewe akilalamika kwamba leo hakuna samaki.

Tupa chambo kikielekea chini kidogo ya mto, kisha toa mshipi wa ziada kiasi ujipinde na maji kabla ya kukaza. Ule mpindo unapunguza nguvu ya mkondo kwenye chubwi, hivyo unaweza kutumia nyepesi zaidi.

Kwa upande wa hali ya hewa, ukivua sehemu za chini za mito hii, karibu na ziwa, anza asubuhi. Mchana upepo wa ziwa huingia nchi kavu na ncha ya nusu aunsi hucheza bila kukoma.

Nitajuaje kama ni samaki au ni mkondo tu?

Kwa dakika chache za kwanza usitafute samaki. Tazama ncha. Mkondo una mdundo wake: ncha huinama na kuinuka kwa mwendo unaojirudia, kila mahali na mwendo wake. Ukishaujua, samaki ni kile kinachouvunja mdundo huo. Takataka zikinasa kwenye mshipi, ncha huinama polepole na kubaki imeinama, ikizidi kadiri uchafu unavyoongezeka. Samaki ni wa ghafla, na hana mpangilio.

Kila samaki ana namna yake, na mwenye macho hujifunza kuwatofautisha kabla hajamwona.

Fwani, yule mwenye sharubu nne na magamba makubwa anayependa maji yenye mkondo, hugonga mara moja au mbili kisha anavuta kwa nguvu. Hapa huhitaji ncha ikuambie. Fimbo nzima inaweza kuingia mtoni. Kaa karibu nayo na usifunge kabisa breki ya rili.

Mumi hana haraka. Ncha hushuka taratibu na kuendelea kushuka, kana kwamba chubwi inaburuzwa na mzigo. Mwache aende mpaka uone ncha imetulia chini, ndipo uinue. Anayemkimbilia mumi kwenye mguso wa kwanza humng'oa chambo mdomoni.

Domodomo, mwenye mdomo mrefu unaoning'inia, ndiye samaki ambaye ncha nyepesi ilitengenezwa kwa ajili yake. Kinywa chake ni kidogo, hupapasa matope akitafuta wadudu na nyungunyungu, na mguso wake ni mtetemo mdogo tu mwishoni mwa ncha. Ana uwezo wa kutoa umeme hafifu mwilini, ambao humsaidia kutambua vitu kwenye maji machafu na gizani. Tumia ndoano ndogo, namba 12 au 14, kipande cha nyungunyungu, ncha ya nusu aunsi au 1 kwenye maji ya polepole, na uinue kwa mtetemo wa pili. Ukiwa na ncha ya aunsi 3 utakaa siku nzima ukisema mtoni hakuna domodomo.

Okoko, anayejulikana upande wa Tanzania kama gogogo, hutikisa ncha bila kupumzika na kukumalizia chambo. Ukimpata, mshike kwa kitambaa: miiba ya mapezi yake hufungika ikiwa imesimama, na jeraha lake linauma sana. Vidagaa vya mtoni navyo hutikisa namna hiyo, ila kwa wepesi zaidi. Ukiona hivyo na ndoano inarudi tupu kila mara, ongeza ukubwa wa chambo au hama.

Ngege hudokoa haraka haraka, anaacha, anarudi. Subiri ncha iiname na ikae japo kwa sekunde moja. Kamongo ni mzito na anatafuna. Akikaa na chambo muda mrefu taya zake zitakata mshipi, na kidole chako pia ukikiweka karibu.

Ncha ilikuwa imepinda, ghafla ikanyooka. Mshipi umekatika?

Inawezekana, lakini mtoni mara nyingi hiyo ni habari njema. Samaki amechukua chambo, ameing'oa chubwi, na anakuja chini na mkondo au upande wako, hivyo mshipi umelegea. Usivute kwa ghafla, maana utakuwa unavuta mshipi usio na kitu. Zungusha rili haraka mpaka uhisi uzito, kisha inua fimbo kwa mfululizo mmoja mrefu. Fwani wengi hupatikana namna hii. Anayesubiri ncha ipinde tu anakosa nusu ya samaki wake, na ndiyo maana nasisitiza chubwi nyepesi: chubwi nzito haing'oki, na ncha hainyooki.

Mshipi wa nailoni au wa kusuka?

Nailoni hunyumbuka. Unapovua mita 10 au 15 hilo halina madhara, na huipa ndoano ulaini wa kutochana mdomo wa samaki. Ukivua mbali, kuvuka mto mpana kama Nzoia ya chini, kunyumbuka huko humeza midonoo midogo, na mshipi wa kusuka ambao karibu haunyumbuki kabisa hufanya ncha ileile ionekane kama imeongezwa macho. Ubaya wake ni mawe: husagika upesi kwenye ukingo mkali wa jiwe. Kwa hiyo kwenye Sondu na sehemu za juu za Yala tumia nailoni yote, milimita 0.25 hadi 0.30, au kama ni lazima utumie wa kusuka, funga mita mbili za nailoni mwishoni.

Na ukitumia wa kusuka, punguza nguvu unapoinua fimbo.

Mimi navua kwa mwanzi tu. Haya yananihusu?

Yanakuhusu sana. Mwanzi uliokaushwa kivulini na kuachwa na ncha yake ya asili, bila kukatwa, huonyesha mguso vizuri kwenye maji ya karibu. Tatizo ni kwamba wengi hukata sehemu nyembamba wakiogopa itavunjika, wakabaki na kijiti kigumu kama mpini wa jembe. Ukishakata, unaweza kurudisha wepesi kwa kuunganisha kipande cha faibaglasi. Ubavu wa mwavuli ulioharibika, wa aina ile isiyo ya chuma, ukisuguliwa kwa msasa mpaka uwe mwembamba kuelekea mwisho, unafaa. Sugua ukiwa umeulowesha maji na ufunike pua, kwa sababu vumbi lake linawasha ngozi na kuumiza mapafu. Fungia kwa uzi wa kushonea na gundi, sentimita 10 zilalie juu ya mwanzi.

Bila rili utavua karibu, na mtoni karibu panatosha.

Jioni siioni ncha. Nifanyeje?

Kwanza angalia umekaa wapi. Ukikabili magharibi jua la saa kumi na moja litakuwa usoni na juu ya maji. Hamia ng'ambo ukiweza, au geuza fimbo ili ncha iwe mbele ya kichaka cheusi. Paka sentimita 20 za mwisho rangi nyeupe, kisha kijipande cha rangi ya chungwa. Rangi ya kucha inatosha, ila paka safu moja nyembamba, kwa sababu safu nene huifanya ncha kuwa ngumu. Kuchomeka utete wima nyuma ya ncha kunasaidia kuliko rangi yoyote: unaona hata ikisogea upana wa kucha.

Giza likiingia, watu hufunga kengele au kijiti kinachong'aa. Kengele ni nzito kwa ncha ya nusu aunsi. Iweke kwenye ncha ya 2 kwenda juu, na utumie kijiti kinachong'aa kwenye zile laini. Njia nyingine ni kushika mshipi kati ya kidole gumba na cha shahada, mbele ya rili. Vidole husikia mambo ambayo jicho halioni.

Lakini usikae usiku kwenye sehemu za chini za Nzoia, Yala au Kuja. Viboko hutoka majini kwenda kula majani baada ya jua kuzama na hupita njia zao wewe ukiwepo au usipokuwepo, na mamba wapo pia. Mumi wa usiku anaweza kusubiri mpaka alfajiri.

Kwa nini ncha zangu zinavunjika?

Karibu kila mara ni moja ya haya matatu: mshipi umejizungusha kwenye ncha na ukatupa bila kuangalia, ndoano imenasa kwenye mzizi na ukaivuta kwa kutumia fimbo, au imebanwa safarini. Kabla ya kila kutupa, pitisha jicho kutoka rili hadi pete ya mwisho. Ndoano ikinasa, elekeza fimbo kwenye mshipi, zungushia mshipi kijiti, na uvute kwa kijiti hicho mpaka utoke au ukatike. Safarini, weka ncha ndani ya paipu ya plastiki ya mabomba yenye kifuniko pande zote mbili. Unaifunga kwenye boda bila wasiwasi.

Pete ya mwisho ikichanika, mshipi wako utakatwa taratibu bila wewe kujua. Pitisha kipande cha pamba ndani yake. Kikishika nyuzi, badilisha pete.

Je, ningu naye anapatikana kwa njia hii?

Mara chache. Ningu hukwangua chakula chake kwenye mawe na matope, hana haja kubwa na nyungunyungu wako. Zamani alivuliwa kwa wingi alipopanda mito wakati wa mvua kwenda kutaga mayai, na nyavu zilizowekwa midomoni mwa mito hiyo zilimpunguza mno. Akikunasia kwa bahati wakati wa mvua, hasa akiwa na mayai, naomba umrudishe majini ukiwa umelowesha mikono. Kuhusu leseni na maeneo yaliyofungwa, uliza ofisi ya uvuvi ya kaunti au viongozi wa ufuo ulio karibu kabla ya kutupa ndoano.

Nina pesa ya fimbo moja. Ninunue ipi?

Fimbo ya mita 3 hadi 3.6 yenye ncha za kubadilisha, hata kama mwili wake ni wa kawaida. Kati ya fimbo ghali yenye ncha moja na fimbo ya wastani yenye tatu, chukua ya pili. Hakikisha unapata ya aunsi 1, ya 2 na ya 3. Zikiwa mbili tu, 1.5 na 3. Ukiwa bado dukani, chomeka kila ncha na uizungushe uone kama inakaa bila kucheza, na uliza kama ncha zinauzwa bila fimbo, maana ya aunsi 1 ndiyo utakayoivunja kwanza. Pima kipenyo cha mwanzo wa ncha ukiandike: kuna za milimita 2.2, za 3 na za 3.5, na ya kipenyo kingine haitaingia kwenye fimbo yako.